Kutoka Ukumbini Kabla ya Mchezo Kwisha

Katika mijadala ya makada juu ya sanaa na kazi za Chama, suala la mtazamaji anayeinuka na kuondoka kabla ya mchezo kwisha huwekwa mara nyingi chini ya kichwa cha nidhamu. Husemwa kwamba mwananchi huyo hana mwamko, au amezoeshwa starehe za video na muziki wa kelele, au hakuandaliwa vya kutosha na viongozi wa tawi lake. Nilikuwa na mawazo hayo hayo kwa miaka mingi, na niliyafundisha darasani. Madhumuni ya makala haya ni kuyapinga. Na kwa kuwa haifai kumkosoa mwingine kabla ya kujikosoa mwenyewe, naanza na kosa langu.

Miaka michache iliyopita kikundi cha wanafunzi wangu kilipeleka mchezo wa kuigiza katika kijiji kimoja cha wavuvi na wakulima wa minazi, kusini ya mji wa Tanga. Mchezo ulihusu chama cha ushirika kinacholiwa na viongozi wake. Mimi nilikuwa mmoja wa walioutunga, nikaandika pia nyimbo zake, na nilikwenda pale nikiwa na hakika kwamba tunawapelekea wananchi jambo linalowahusu. Onyesho lilianza baada ya sala ya isha katika ukumbi wa shule. Mbele palikuwa na viti vya plastiki vya mgeni rasmi na viongozi wenzake, nyuma yao madawati, na nyuma kabisa akina mama wamekaa mikekani. Ukumbi ulijaa hata watoto wakaning'inia madirishani.

Haikupita nusu saa, mikeka ya nyuma ikaanza kukunjwa. Kwanza waliondoka akina mama wawili watatu, kimya kimya, wameinama ili wasiwazibe wengine. Kisha wakafuata wavuvi; hao hawakuinama. Nilipoona hali hiyo niliwaagiza vijana wawili wa kikundi wasimame mlangoni na kuwaomba watu wasubiri. Nasema kuwaomba, lakini kijana mwenye sare akisimama mlangoni na kunyosha mikono, hilo si ombi tena. Bibi mmoja akamwambia kijana wangu, "Mwanangu, nimeacha chungu motoni." Kijana akampisha, kwani nani atamzuia bibi mwenye chungu motoni? Baada ya hapo kila aliyefika mlangoni alikuwa na chungu motoni, wakiwamo wanaume wasiojua hata jiko limekaa upande gani wa nyumba. Wavuvi wao walisema wanawahi maji. Mwenyeji wetu, mvuvi wa siku nyingi, alinieleza asubuhi yake kwamba usiku ule haikutoka ngalawa hata moja.

Tulimaliza mbele ya watu arobaini hivi, wengi wao wakiwa wa viti vya mbele. Katika kikao cha tathmini nilisema, na ikaandikwa katika kumbukumbu, kwamba mwamko wa wananchi wa eneo lile uko chini. Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka kuifuta.

Tukiitazama historia ya sanaa za maonyesho katika pwani yetu, tunaona kwamba kutoka kabla ya mwisho si tabia mpya iliyoletwa na televisheni. Ngoma zetu zilichezwa uwanjani, na uwanja hauna mlango. Aliyekuja alikuja, aliyechoka alikwenda zake, na aliyetazama leo aliweza kesho kuwa mchezaji. Beni, ambazo zilienea pwani nzima tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zilikuwa na sare, vyeo, matarumbeta na mpango mkali wa madaraka. Lakini pamoja na vyeo vyote hivyo, jemadari wa Beni hakuwa na amri juu ya mtazamaji. Marini na Arinoti zilishindana mtaa kwa mtaa, na sehemu kubwa ya hukumu ilitolewa kwa miguu: watu walihamia penye uhondo. Chama kilichobaki na wapiga ngoma peke yao hakikuhitaji kusomewa matokeo.

Mji wa Tanga uliendelea na shule hiyo hiyo katika taarab. Wenye umri mkubwa katika barabara za Ngamiani wanakumbuka ushindani wa Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya mji mmoja, na jinsi sauti ya Bi Shakila Saidi ilivyokuwa na uwezo wa kujaza ukumbi. Katika taarab mtazamaji hakai kimya akingojea mwisho ndipo apige makofi. Ubeti ukimgusa huinuka, hutembea mpaka mbele kwa madaha, humtunza mwimbaji, na pengine macho yake yako kwa mtu mwingine kabisa ambaye ndiye aliyekusudiwa. Usipomgusa, hainuki kwenda mbele. Na usiku ukiendelea hivyo, huinuka kwenda nyumbani. Hayo mawili ni kitendo kimoja kinachoelekea pande mbili. Haiwezekani kuusifu umma kwa mwendo wa kwanza, tukauita utamaduni wetu, halafu tuulaumu kwa mwendo wa pili na kuuita utovu wa nidhamu.

Basi desturi ya kukaa hadi mwisho kwa heshima imetoka wapi? Sehemu yake ni urithi wa kikoloni. Ukumbi wenye safu za viti, giza kwa watazamaji na mwanga kwa wachezaji, ukimya, makofi ya mwisho: hayo tuliyapata katika shule za wakoloni na katika kumbi ndogo ambamo Wazungu waliigiziana wenyewe kwa wenyewe. Huko mtu alikaa hadi mwisho hata kama mchezo ni mbovu, kwa sababu kutoka ni kuonekana mshamba. Na hata Ulaya kwenyewe desturi hiyo ilipingwa. Bertolt Brecht, mwandishi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1956, alitaka watazamaji wa tamthilia wawe kama watazamaji wa ngumi: wavute sigara yao, wajue kanuni za mchezo, na wahukumu kwa akili zao bila kulewa. Ebrahim Hussein wetu, aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, katika miaka ya 1970, aliisoma vizuri njia hiyo. Mvuvi wa pwani hakwenda Berlin, lakini ngumi anazijua.

Sehemu nyingine hatukuirithi kwa mkoloni, tuliitengeneza wenyewe. Nayo ni mgeni rasmi. Katika shughuli zetu nyingi mchezo hauonyeshwi kwa wananchi, unaonyeshwa kwa mgeni rasmi, na wananchi ni mashahidi. Wachezaji wanamwelekea yeye. Mwisho wa mchezo ni wakati anaposimama yeye. Kwa hiyo watu hukaa, lakini kukaa kwao hakutuambii lolote juu ya sanaa, kama vile mtu anayengoja basi haitupi habari yoyote ya uzuri wa kituo. Na jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba anayeongoza kwa kutoka mapema ni mgeni rasmi mwenyewe. Huinuka kati, hutangazwa kwamba ana majukumu mengine, na ukumbi wote husimama kumsindikiza. Sijapata kusikia kikao cha tathmini kikisema kwamba mwamko wake uko chini.

Naona hatari kubwa kwa kada iko hapo. Ukumbi ambao hakuna awezaye kutoka unamdanganya mwalimu wa siasa. Anahesabu vichwa mia mbili na kuandika katika taarifa kwamba wananchi mia mbili wameelimishwa. Taarifa inapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi inafurahi. Mpaka siku ya mkutano wa ushirika, wananchi wale mia mbili hawaulizi swali hata moja juu ya hesabu, na sisi tunashangaa.

Sasa nirudi kwenye mchezo wetu, kwani yafaa tuuchambue kwa fani na maudhui kama tunavyofanya kwa michezo ya wengine.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi wetu waliitika wito wa kueneza siasa ya Ujamaa kwa sanaa, na Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, ndiye aliyeipa ngonjera nguvu ya kuingia katika kila shule na kila mkutano. Alifariki mwaka 1969, lakini fani yake ilienea mpaka vijijini. Sina nia ya kuidharau kazi hiyo. Ngonjera iliwapa watoto wa wakulima ulimi wa kusema mbele ya watu, na hilo si dogo. Lakini fani hiyo ina ugonjwa wake, na sisi waandishi wa michezo ya uhamasishaji tumeuambukizwa. Katika ngonjera ya kawaida wapo wawili, mjinga na mwerevu. Mjinga anapinga, mwerevu anaeleza, na mwishoni mjinga anakiri na wote wanaimba pamoja. Msikilizaji anajua tangu ubeti wa kwanza kwamba mjinga atakiri. Kinachobaki ni kungoja lini. Mzee mwenye shughuli zake hana haja ya kungoja kitu ambacho amekwisha kukipata.

Mchezo wetu ulikuwa ngonjera iliyovaa maleba. Mwizi wa ushirika tulimfanya mtu wa kuja, mfanyabiashara mnene mwenye kofia pana na miwani myeusi, anayecheka kicheko cha shetani kila akishika fedha. Watoto wa madirishani walimpenda sana. Lakini watu wazima wa kijiji kile walikuwa wanazijua hesabu za ushirika wao. Walijua kwamba mizani haichezewi na mtu mwenye kofia pana. Inachezewa na jirani, mtu mpole anayewahi mazikoni, anayewakopesha wenzake nauli ya hospitali, na ambaye huenda mmoja wa jamaa zake alikuwa ameketi usiku ule katika moja ya viti vya plastiki. Huo ndio mkinzano ulioko katika maisha yao, nao ni mgumu kuliko wetu: ni vipi utamdai hesabu mtu aliyekuzikia mama? Mchezo wetu uliupita mbali swali hilo. Tuliogopa viti vya mbele, na nakiri kwamba aliyeogopa zaidi alikuwa mimi.

Kwa hiyo watu hawakutoka kwa sababu hawakuelewa. Walielewa upesi. Katika nusu saa walitambua kwamba wageni hawa hawatasema, wakaenda nyumbani kwao. Chungu motoni kilikuwa ni adabu tu ya pwani, ambako mtu hapendi kumwambia mgeni usoni kwamba maneno yake ni matupu.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri kwamba kila anayetoka amehukumu kwa haki. Wapo wanaotoka mapema mno, na katika hao wamo wanafunzi wetu, ambao kwao nina lawama ya kweli. Mwaka mmoja tuliwaonyesha Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapwa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Baadhi yao waliondoka katikati, wakaandika insha wakidai kwamba mwandishi amemchora kiongozi wa mapambano kuwa mtu aliyewadanganya wananchi kwa maji yasiyozuia risasi. Anayetoka katikati anayo haki ya kuona hivyo, kwani mpaka hapo ndivyo mambo yanavyoelekea kuonekana. Lakini uzito wote wa tamthilia ile umewekwa mwishoni, katika kifungo, pale Kinjeketile anapotakiwa na adui aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kwamba maji hayakuzuia risasi, na anajua pia kwamba akilikana neno lile mbele ya Mjerumani, watoto watakaozaliwa baadaye wataambiwa kwamba baba zao walipigania ujinga. Katika historia Kinjikitile Ngwale alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Mwanafunzi aliyetoka katikati amempoteza mtu huyu kabisa. Ameondoka na kiganja cha maji.

Mashetani, ya mwandishi huyo huyo, ya mwaka 1971, ni ngumu zaidi. Ina mchezo ndani ya mchezo, ina mafumbo ambayo mtazamaji hufumbuliwa nusu tu, na sishangai mtu akichoka. Lakini kuchoka kwa sababu kazi inakudai sana, na kuchoka kwa sababu haikudai chochote, ni mambo mawili mbalimbali. Kwa nje yote mawili yanaonekana sawa: mtu anainuka, kiti kinalia, mlango unafunguka. Tofauti utaipata kwa kumwuliza njiani anaporudi. Wa kwanza ana hasira na maswali. Wa pili anazungumza habari ya bei ya nazi.

Kutokana na hayo natenganisha haki ya mwananchi na kazi ya kada. Mwananchi anayo haki kamili ya kutoka, wala hadaiwi maelezo. Kada, mwalimu na mhakiki hawana haki hiyo, kwani kukaa ndiyo kazi yao. Tena wasikae wakitazama jukwaa peke yake. Wageuke mara kwa mara watazame mlango, na waandike: walianza kutoka katika onyesho la ngapi, baada ya maneno gani, akina nani kwanza, wazee au vijana, wanawake au wanaume. Usiku ule mimi sikuandika chochote. Nilikuwa nahangaika na mlango.

Iko hoja moja ya wenzetu ambayo haifai kupitwa. Wanasema kwamba kutoka ovyo ni tabia ya soko: nimelipa kiingilio, mimi ni mnunuzi, bidhaa hainipendezi, naondoka. Ni kweli kwamba soko limefanya kazi yake katika sanaa yetu. Vikundi vikubwa vya Dar es Salaam, kama Muungano cha Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre cha Chama kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na marehemu Kapteni John Komba, vilijaza usiku mmoja kwa ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarab, ili aliyechoshwa na kimoja angojee kingine. Ulikuwa ufundi wa kumfunga mtazamaji bila kufunga mlango, na kwa miaka kadhaa ulifaulu. Lakini ulikuwa na gharama. Mchezo wa kuigiza ulijifunza kuwa mfupi wa mawazo na mrefu wa vichekesho. Hata hivyo yule bibi wetu hakulipa kiingilio. Onyesho lilikuwa la bure. Hakutoka kama mnunuzi. Ushirika ule ulikuwa wake, mchezo ulidai kusema juu ya mali yake, naye akaona kwamba hausemi.

Ipo njia ya kumpa mtu huyo nafasi ya kukosoa mapema, kabla hajafika mlangoni. Mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji wenyewe ndio waliotafuta tatizo la kuigizwa, wakaigiza na kujadili. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wametangulia. Huko Kamirithu, mwaka 1977, mazoezi ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii yalifanywa hadharani. Wakulima na wafanyakazi waliokuja kutazama waliwasahihisha wachezaji na hata maneno. Serikali ya huko ilifuta kibali cha mchezo Novemba 1977, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Mchezo ambao watu wanauacha wenyewe hauhitaji kufutiwa kibali.

Siku hizi jambo limekuwa gumu zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kutoka bila kuinuka. Hufungua simu yake, uso ukapata mwanga wa buluu, naye amekwisha kwenda. Ukitazama kutoka jukwaani ukumbi umejaa. Namheshimu zaidi aliyekunja mkeka.

Mchezo wetu tumeuandika upya. Mwenye kofia pana ameondolewa, na mahali pake yuko katibu mpole anayewahi mazikoni. Mazoezi tumeyafanya nje, jioni, chini ya mwembe karibu na barabara, ambapo anayepita anasimama au anapita. Siku ya kwanza mama mmoja muuza mihogo alisimama muda mrefu, akasema katibu wetu hasalimii watu vya kutosha, mwizi wa kweli husalimia zaidi. Tukamwongezea salamu. Mwezi uliopita tuliupeleka katika kijiji kingine, wilaya ya Mkinga, safari hii mlango ukiwa wazi na wanafunzi wawili wamekaa kando yake na daftari. Watu walikaa katika onyesho la hesabu, na kulikuwa na minong'ono ambayo mgeni rasmi aliisikia. Walioondoka walikuwa ishirini na tatu, na kumi na tisa kati yao waliondoka wakati mmoja, katika wimbo wa onyesho la tatu. Wanafunzi wanataka wimbo huo ukatwe. Kikao ni Jumatano ijayo, na mtunzi wa wimbo ni mimi.